Ubeti Ulioachwa

Asubuhi ile duka la kuchapa lililotazamana na lango la chuo kikuu lilikuwa limefurika. Wanafunzi wamebanana na ripoti zao mkononi, mashine zinanguruma, na hewa nzima inanuka wino wa moto. Mbele kabisa, kwenye kaunta, mwanamke aliyevaa gauni la rangi ya haradali alikuwa akigombana juu ya picha.

"Uso umetoka wa bluu," alimwambia mpiga chapa. "Marehemu hakuwa wa bluu."

"Na hakuwahi kufunga kifungo cha juu," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, vumbi la chaki kwenye mfuko wa suruali, amekumbatia rundo la mitihani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Macho yake hayakuwa kwa mwanamke, yalikuwa kwenye picha.

"Ulimjua Profesa?"

"Alinifundisha fasihi. Mara mbili alinifukuza darasani."

"Profesa hakuwahi kumfukuza mtu."

"Basi mimi nilifukuzwa na mzimu wake, akiwa bado hai."

Mwanamke hakutaka kucheka, lakini alicheka. Alikuwa mhariri katika kampuni ndogo ya vitabu, na mjane wa Profesa alikuwa amemwachia kazi yote ya hafla ya kumbukumbu: kadi, picha, ratiba, na nani aseme nini. Kwa wiki nzima alikuwa akiongea na watu waliomtaja marehemu kwa sauti ya kanisani. Huyu alikuwa wa kwanza kumtaja kama mtu.

Kijana, ambaye alikuwa mwalimu wa sekondari, alitoa simu akamwonyesha picha nyingine. Profesa amekaa juu ya meza ya darasa, miguu inaning'inia, kola wazi, mdomo wazi zaidi. Anabishana.

"Hii," Mhariri alisema. "Nitumie hii."

"Kwenye namba ipi?"

"Ujanja wako wa kizamani sana, Mwalimu."

"Umeomba picha mwenyewe. Mimi nauliza njia tu."

Alimpa namba.

Simu zilianza kwa habari za picha, zikahamia kwenye habari za Profesa, na kabla ya mwisho wa wiki zilikuwa hazina tena habari maalumu. Walikutana mgahawani karibu na ofisi ya Mhariri, kisha kwenye ngazi za maktaba, kisha popote. Mwalimu alimwita Mama Mkasi kwa sababu ya kazi yake ya kukata maneno ya watu. Yeye alimwita Bwana Nimefukuzwa.

"Mama Mkasi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umesahihisha?"

"Nimesahihisha mpaka nimeanza kuwapa alama watu barabarani. Kondakta mmoja nimempa mia kwa mia."

"Na mimi?"

"Wewe bado nasoma. Nimefika ukurasa wa kwanza, nimerudia."

Kitu kimoja tu kilikuwa kigeni kati yao, nao walikigeuza mchezo: hawakuwa na Profesa mmoja. Mwalimu alisoma kwake alipokuwa na nguvu, anapiga meza, anauliza "Nani anasema hapa?" hadi mwanafunzi asahau jina lake mwenyewe. Mhariri alimpata miaka ya mwisho, mzee mwenye sweta la kijivu aliyefunga macho akisikiliza, na aliyeweza kukaa kimya muda mrefu hadi darasa likadhani amelala.

"Wako alikuwa simba," Mhariri alisema.

"Na wako alikuwa paka wa jirani."

"Paka hana haraka. Ndiyo maana anakamata."

Jambo moja halikubadilika kwa simba wala kwa paka. Katika darasa la Profesa mtu hakusoma shairi lake mwenyewe. Ulilitoa, ukampa mwenzako, yeye akasoma mbele ya wote, na wewe ukakaa kimya kama mgeni. Profesa alisema mtu akisoma lake hulisaidia kwa macho na mikono, na shairi halipaswi kusaidiwa.

Kwa hiyo Mwalimu alipomaliza shairi lake fupi la kumkumbuka Profesa, alimpa Mhariri alisome siku ya hafla. Alimpa akiangalia pembeni.

"Usiniambie chochote," alisema. "Nitasikia siku hiyo."

Mhariri alisoma nyumbani akiwa amesimama jikoni, na sufuria ikaungua. Lilikuwa shairi la kweli. Profesa alikuwa humo ndani mzima mzima, na kola yake na makelele yake. Ila ubeti mmoja karibu na mwisho uliondoka ukaenda kwa mtu mwingine, baba wa Mwalimu, fundi makochi, na ulipoondoka ulimwacha Profesa amesimama peke yake mlangoni. Ulikuwa mzuri, pengine kuliko yote. Lakini haukukaa mahali pake.

Mhariri hakuhangaika. Katika darasa alilosoma yeye, msomaji alikuwa na haki ya kuacha ubeti mmoja, bila kumwonya mwandishi na bila kueleza, na mwandishi hakuwa na ruhusa ya kulalamika. Ndivyo Profesa alivyotaka, na ndivyo walivyofanya.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Mhariri alipanda jukwaani na gauni jeusi na hereni ndogo za fedha, akasoma kwa sauti tulivu, bila kuongeza kitu. Alipofika kwenye ubeti ule aliuruka kama mtu anayevuka mtaro, akaendelea. Alipomaliza, ukumbi ulipiga makofi. Mjane wa Profesa alikuwa anafuta macho.

Alimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa ameinamia mzee mmoja kwenye safu ya tatu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, anamwambia kitu sikioni. Mzee akatikisa kichwa, akainuka. Wakatoka wote wawili.

Alimkuta mlangoni mwa maegesho.

"Ulikuwa wapi ubeti wa baba?" Mwalimu aliuliza. Hakupaza sauti.

"Niliuacha. Ulikuwa unamtoa Profesa..."

"Uliuacha."

"Ni sheria ya darasa, mpenzi. Msomaji anaacha mmoja."

"Sheria ya darasa gani? Mimi nimekaa darasa lile miaka mitatu. Unasoma ulichopewa. Hukati, huongezi." Alielekeza kidevu kwa baba yake aliyesubiri mbele. "Mzee yule hajawahi kuingia chuoni maisha yake yote. Nilimwambia kuna maneno yanayomhusu. Amefunga karakana. Ameazima viatu."

"Sikujua kama amekuja."

"Hukuuliza."

"Na wewe hukusema."

"Kwa sababu nilitaka asikie, si kwa sababu nilitaka aombewe nafasi. Kila mtu ana mkasi wake. Wako unakata watu."

Akaenda zake, na mzee wake mbele, polepole, kwa sababu ya viatu.

Kwanza Mhariri alipiga simu asubuhi na jioni. Haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, ukaachwa hapo. Dada yake mkubwa, aliyekuwa mkunga na mwenye majibu ya kila kitu, alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Mwambie macho yaliruka mstari. Kurasa zilishikana. Mwanamume yule atasamehe kurasa, hatakusamehe wewe."

"Ni uongo."

"Uongo mdogo kama huo ndio uliojenga nyumba zote mtaani hapa."

"Dada, niliuacha kwa makusudi. Nikimwambia kurasa zilishikana, ataishi na mwanamke asiyejua kusoma."

"Ataishi na mwanamke, walau."

Alifikiria maneno hayo siku kadhaa. Yalikuwa na akili. Angeweza kuyatumia, na kijana angerudi, angekuwa anamwita Mama Mkasi tena, na kila ambapo angeandika kitu angempa kwa furaha, na yeye angesifu tu, kwa hofu, hadi wazeeke. Jumamosi mchana alivaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu, akaenda kwenye karakana ya baba wa Mwalimu.

Ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa mabati. Ndani kulikuwa na mbao, sponji za manjano, majora ya kitambaa ukutani, na harufu ya gundi inayokwaruza koo. Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa ngozi yake, bunduki ya kupigilia pini mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamtambua, akaweka bunduki chini. "Wewe ndiye uliyesoma."

"Ndiyo mimi. Kulikuwa na ubeti wako. Niliuacha."

"Kijana alinieleza."

"Alikueleza niliuacha kwa makusudi?"

Mzee alifuta mikono kwenye aproni. "Ulikuwa mbaya?"

"Hapana, baba. Ulikuwa mzuri. Lakini watu walikuja kumkumbuka mtu mwingine, na ubeti ule ungewafanya wote wageuke wakutazame wewe."

"Mimi sijui mambo hayo," mzee alisema. "Mimi nilingoja tu."

Hakuwa amesema kwa hasira. Hilo ndilo lililomfanya Mhariri akose pa kuangalia.

"Nimeuleta," alisema.

Mzee akakaa juu ya fremu ya kochi, akaunganisha mikono mapajani. Mhariri alisimama katikati ya sponji na kusoma, kwa sauti ileile ya ukumbini:

*Kabla sijakaa kwake, nilikaa kwa mwingine,*
*Uzi mkononi mwake, kitambaa akishone,*
*Ada yangu jasho lake, hakudai nimuone,*
*Natamka sifa zake, ninyi nyote mumuone.*

Nje mtu alikuwa anaburuta toroli.

"Rudia," mzee alisema.

Akarudia. Alipomaliza aliona mzee hatazami kwake tena, anatazama mlangoni. Mwalimu alikuwa amesimama pale, kipande kikubwa cha sponji kimekaa kichwani kama paa, mikono imekishika pande zote.

"Umekuja kumwomba radhi nani?" aliuliza. "Mzee au mimi?"

"Mzee. Alifunga karakana akaja, nami sikuuliza nani yuko ukumbini. Hilo ni kosa langu. Kwako sina radhi ya kuomba, Mwalimu. Pale jukwaani ningeuacha tena."

"Profesa wangu asingekuruhusu."

"Profesa wako alikuwa bado na nguvu za kumsikiliza kila mtu hadi mwisho. Wangu alizeeka. Alisema katika kila shairi kuna ubeti mmoja ambao mtu anamwandikia mmoja tu aliyekaa ukumbini. Huo uachwe. Hakutuambia upelekwe wapi."

Mwalimu alikuwa anamfikiria mzee wa sweta la kijivu ambaye hakuwahi kumwona, na aliona, bila kupenda, kwamba angempenda.

"Niambie kweli," alisema mwishoni. "Mwingine je? Beti nyingine?"

"Wa pili una neno moja la kujionyesha. Nyingine sikugusa kwa sababu hazikunihitaji."

"Neno gani?"

"Nitakuambia ukishusha hilo sponji."

"Msiniletee darasa hapa," mzee alisema. "Huyu ni nani wetu?"

Wote wawili walimtazama.

"Nimeuliza. Mtu anaingia karakana yangu, ananisomea sifa zangu, anakufokea, na mimi sijui nimwite nani."

"Ni mke wangu," Mwalimu alisema. "Akikubali."

"Mtu anaposa akiwa na sponji kichwani?"

Mwalimu akalishusha. Nywele zake zilikuwa zimejaa chembe za manjano. Alisogea hadi mbele ya Mhariri, na kwa mara ya kwanza tangu hafla sauti yake haikuwa na kiburi ndani yake.

"Utakuwa unaniambia hivi kila siku? Hata nikinuna?"

"Hata ukinuna."

"Basi nioe. Yaani, nikuoe. Unanitaka?"

"Maneno mengi," alisema. "Ningekata nusu." Kisha akasema, polepole, ili asikie kila mtu aliyepaswa kusikia: "Nakutaka."

Mzee alikuwa ameshachukua bunduki yake, amewapa mgongo. Alipiga pini moja kwenye ubao, na nyingine, na nyingine, mahali pasipokuwa na kitambaa chochote cha kushikilia.