Pointi za Leseni Si za Ligi

Dereva wa gari la mikate alikuwa mtu wa masihara. Majirani walimwita Kasi, naye jina hilo alilipenda, maskini. Mkewe aliendesha basi dogo la watoto wa shule. Usukani ndio uliowalisha.

Kila akikamatwa kwa mwendo kasi, Kasi alirudi nyumbani akicheka.

"Mama watoto, nimeongeza pointi. Sasa naongoza ligi."

Mkewe hakucheka. Ila hata yeye hakujua vizuri hizo pointi ni za nini.

Jumamosi moja simu ya Kasi ililia. Ujumbe wa polisi ulisema kamera imelinasa gari lao la nyumbani likikimbia. Uliuliza nani alikuwa anaendesha. Safari hii masihara yalimwisha. Wenzake kazini walikuwa wamemwambia kwamba pointi zikijaa, leseni inafungiwa.

"Mke wangu, sema ulikuwa wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Leseni yako ni safi. Hizi hazitakuumiza."

Mkewe alitoka nje. Kisha akamwita jirani yao, mwalimu wa udereva. Mtaani alijulikana kama Dada Klachi, maana kutwa nzima aliwapigia wanafunzi kelele, "Klachi, klachi!"

Dada Klachi alivuta kiti, akaelezwa yote.

"Shemeji, hapo ndipo ulipopotea. Kwenye mpira pointi unazitafuta. Kwenye leseni unazikimbia. Mwendo kasi una pointi zake, simu mkononi ina zake. Zinajumlishwa. Zikifika kikomo cha sheria, unazuiwa kuendesha kwa muda. Ukiendesha wakati umezuiwa, unaweza kwenda jela."

"Hazifutiki?"

"Kwa kawaida hufutika baada ya muda, usipoongeza nyingine. Uliza ofisi ya leseni, watakueleza sheria ya hapa kwetu."

"Na mke wangu akinibebea hizi?"

"Mtakuwa waongo wawili mbele ya sheria. Hilo ni kosa kubwa kuliko mwendo wenyewe. Naye akizuiwa, nyumba hii mtakula nini?"

Kasi aliinamisha kichwa. Aliona aibu, si kwa jirani, bali kwa mkewe. Alichukua simu akawajibu polisi, "Nilikuwa mimi."

Leseni yake ilizuiwa. Alimweleza bosi wake mwenyewe, bila kuzungukazunguka. Bosi alinung'unika, kisha akampeleka kwenye matanuri kukanda unga. Mshahara ulipungua, lakini kazi alibaki nayo.

Kila asubuhi alipanda basi la mkewe kwenda kazini, akakaa kiti cha nyuma kati ya watoto. Magoti yalimgusa kidevu. Siku moja, karibu na shule, mtoto alichomoka ghafla kati ya magari yaliyoegeshwa. Mkewe alikanyaga breki. Basi likasimama taratibu, mtoto akavuka, na nyimbo za watoto hazikukatika hata kidogo.

Kasi peke yake ndiye aliyetoka jasho. Barabara ile aliijua. Kila siku alipita hapo na mikate, na aliujua mwendo wake mwenyewe.

Muda wa adhabu ulipokwisha, alirudishiwa leseni. Jumapili iliyofuata alimchukua mkewe kwenda kumwona mama mkwe. Aliendesha polepole, magari mengine yakampita, akayaacha yapite. Wakati wa kurudi alitaka kusema jambo, akageuka kidogo.

Mkewe alikuwa amelala fofofo. Miaka yote ya ndoa yao, hakuwahi kufumba jicho kwenye gari la mumewe.