Kishikio cha Mlango wa Stoo

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu fundi saa, mtu ambaye hata uongo mdogo unamshinda. Saa ndiyo kazi yake, visu ndiyo ugonjwa wake: hununua vile vikuukuu, akavisugua kutu, akavivisha mipini mipya.

Mchana mmoja alirudi na kisu kutoka kwa muuza vyuma chakavu. Alipokosa mti mgumu wa mpini, aling'oa kishikio cha mlango wa stoo anamofanyia kazi, kile cha upande wa ndani.

"Baba watoto," mkewe akamcheka, "kesho utang'oa mguu wa kitanda!"

Akachonga mpini, akaupaka gundi, akakibana kisu kwenye jiliwa kikauke. Mara upepo ukausukuma mlango, ukajifunga pu! Hajakaa sawa, umeme nao ukakatika. Stoo ile haina dirisha, likawa giza la kaburi.

Akaupapasa mlango. Pa kushika hapakuwepo. Akajicheka, lakini kicheko kikamkauka mdomoni, maana nyuma yake, kwenye jiwe la kunolea, kulianza mlio: shwaa... shwaa... taratibu, kama wa mtu asiye na haraka.

Akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Mama watoto! Nifungulie!"

Mlio ukaongeza kasi. Nyayo za mkewe zikaja mpaka nje ya mlango, zikasimama.

"Sasa si uache kwanza kunoa," akasema kwa hasira, "nisikie unachosema!"