Antena, Sawa!

Kila Jumamosi asubuhi, Chinami na Takuto walikimbilia kibanda cha Babu Kuramoto, nyuma ya ghala la machenza. Babu Kuramoto alikuwa dereva wa treni hadi alipostaafu. Sasa, akiwa na leseni ya kutumia mawimbi ya redio, aliwafundisha watoto kurusha ndege ndogo yenye kamera. Mrushaji huvaa miwani ya picha na kuona kila kinachoonwa na ndege, kana kwamba ameketi humo ndani.

Babu hakuacha mazoea ya treni. Kabla ya kuruka, kila kifaa kilinyooshewa kidole na kutajwa kwa sauti: "Betri, sawa! Bawa, sawa! Antena, sawa!" Hakuna aliyewacheka. Kila mtu kijijini alishazoea kuwaona madereva wa treni wakizinyooshea vidole taa za reli.

Wiki ile walikuwa na shughuli kubwa. Jirani yao, Bibi Tokie, alikuwa anahamia mjini kwa mwanawe Jumatatu. Tangu avunjike nyonga alikaa kwenye kiti cha magurudumu, na hakuwa amelitia machoni tena shamba lake la michenza, juu kabisa mlimani. Watoto walimwahidi kwamba Jumamosi ataliona kwa miwani ya picha. Bibi alifurahi mno, akawaletea matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani hata kabla ya siku yenyewe.

Matonge hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Ijumaa jioni Chinami alikuwa kibandani akijaribu kamera. Alinyoosha kidole, akapaza sauti, "Antena, sawa!" Macho yake, hata hivyo, yalikuwa kwa Takuto, aliyekuwa akijaribu kumeza tonge zima kwa mara moja. Antena yenyewe ilikuwa imelala mezani! Na kirusha picha, kile kijisanduku kinachotuma picha hewani, kikiwashwa bila antena hujiunguza chenyewe.

Chinami alishtuliwa na harufu ya plastiki ya moto. Alikizima, akafunga antena haraka, akakiwasha tena. Picha ikaja safi. Takuto alikuwa akikohoa hadi machozi, hakuona kitu.

"Si iko safi tu?" Chinami alijiambia. Akanyamaza.

Kesho yake Babu alivaa miwani, Bibi Tokie akavaa ya pili. Kwa kuwa mwenye miwani haioni ndege yenyewe angani, Chinami alisimama kando ya Babu kuifuata kwa macho. Ndege ikapaa.

"Hee! Lile si paa langu?" Bibi alipiga makofi. "Kumbe limeota majani hivyo, na hakuna aliyeniambia!"

Ndege ilipopita juu ya hekalu, katikati ya mlima, Bibi aliacha kupiga makofi. "Kuramoto, mbona theluji inaanguka humu ndani?"

"Ajabu, picha ina chenga, na hapa bado ni karibu," alisema Babu. "Labda miti inaziba. Nitapanda juu zaidi, itakuwa safi."

Chinami alikumbuka harufu ya jana. Kama Babu angeendelea, ndege ingepotelea mlimani. Na kama yeye angesema, wote wangejua kosa lake. Aliogopa kweli.

"Babu, geuza!" alipiga kelele. "Si miti! Kirusha picha kimeungua. Mimi ndiye niliyekiunguza!"

Babu hakuuliza swali. "Sioni tena kitu. Iko wapi?"

"Imepita hekalu! Kushoto, Babu. Kushoto tena... Sasa inatuelekea!"

Mawimbi ya rimoti hufika mbali kuliko ya picha, kwa hiyo ndege ilitii. Ilipokaribia, picha ikarudi, na Babu akaitua polepole kwenye nyasi.

"We Chinami!" Takuto alifoka. "Jana uliita 'Antena, sawa' mpaka mbwa wakabweka!"

"Niliita bila kutazama," alisema Chinami. Akainama sana mbele ya Bibi Tokie, machozi yakimtoka. "Nisamehe, Bibi. Nilijua tangu jana."

"Kirusha kingine hakitapatikana kabla ya Jumatatu," Babu alisema kwa huzuni.

Chinami alifuta machozi, akatazama mlimani. "Babu, picha inafika hekaluni, sivyo? Basi tusogee sisi. Tukiirusha kutoka pale hekaluni, shamba litakuwa karibu. Nitamsukuma Bibi."

"Wewe?" Takuto aliguna. "Hata baiskeli yako inakushinda kwenye mwinuko ule!" Lakini alishika mpini mmoja wa kiti.

Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena, huku Bibi akiwashangilia kama wachezaji wa mpira. Kutoka uwanja wa hekalu ndege ilipaa tena, na safari hii picha haikukatika.

"Ule mchenza wa pembeni!" Bibi alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Niliupanda na marehemu mume wangu. Tazameni ulivyozaa! Asanteni, wajukuu zangu. Asanteni sana. Sasa nitaondoka kwa amani."

Kisha akamshika Chinami mkono. "Nawe asante kwa kusema. Ungenyamaza, ningeondoka bila kuona kitu."

Babu Kuramoto alivua miwani. "Kosa lililofichwa ni kama kile kirusha, Chinami. Ukiwa karibu, kila kitu ni safi. Ukifika mbali, unajikuta kipofu. Ulichelewa kusema, lakini ulisema wakati ndege bado inaweza kurudi. Siku nyingine sema mapema."

"Ndiyo, Babu. Na asante kwa kuniamini ndege ilipokuwa angani."

Wakati wa kushuka ulipofika, Chinami alikinyooshea kidole kiti cha Bibi. "Breki, sawa!" aliita. Kisha akapiga magoti, akaitazama, akaigusa kwa mkono wake.