Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Mlango ulijifunga wakati fyuzi yake ilikuwa mfukoni mwa fundi.

Wenzake gereji walimwita Fundi Kimya, kwa sababu aliweza kushinda chini ya gari kutwa nzima bila kufikisha maneno kumi. Alijipapasa mfuko. Fyuzi ipo. Gari lile kubwa jeusi lilikuwa la aina ambayo milango yake haibamizwi: unausukuma mlango taratibu mpaka kitasa king'ate jino la kwanza, kisha mota ndogo iliyomo ndani inauvuta upana wa kidole uliobaki. Bila fyuzi, mota ni chuma tu. Lakini alikuwa ameisikia ikinguruma: zzz, halafu tk.

Mwenye gari, tajiri mmoja mwenye kucheka sana, alikuwa amelalamika kwamba mlango ule umeshawabana wageni wake wawili. "Nimenunua gari au mamba?" aliuliza, akataka lirudi Ijumaa.

Fundi alichomoa betri. Akabandua ngozi ya mlango, akaitoa mota na kuiweka mezani, katikati ya spana. Akausukuma mlango hadi jino la kwanza, nao ukatulia. Alipogeuka kuchukua kitambaa, mlango ukanguruma nyuma yake, na huku mota iko mezani haitikisiki, ukajivuta wenyewe hadi mwisho. Ikafuata harufu ya dawa ya kuchua, ile ambayo wazee hujipaka magotini.

Aliijua harufu hiyo. Miezi minane nyuma ilikuwa imejaa kwenye kiti cha nyuma, gari lilipoletwa kutoka kwenye ajali.

Kabla ya ajali hiyo, taa ya onyo ya mlango ilikuwa ikiwakawaka na kupiga kelele ovyo. Tajiri alichoka nayo, akaagiza izimwe. Badala ya kutafuta ugonjwa, Fundi Kimya aliunganisha nyaya mbili, gari likaamini kwamba mlango umefungwa saa zote. Kelele ikaisha, na kazi ya mota ikaisha pia, maana mlango uliokwisha kufungwa hauna haja ya kuvutwa. Wiki iliyofuata dereva wa tajiri aliomba ruhusa kumpeleka mama yake hospitali. Mlango ulikuwa umeuma jino la kwanza tu. Kwenye kona ulifunguka, na mama akaanguka barabarani.

Dereva aliapa kwamba taa haikuwaka. Tajiri alimvuta fundi pembeni. "Ukisema, tunaingia ndani wote wawili," alimnong'oneza. Fundi alizitenganisha zile nyaya, akatia saini karatasi kwamba mlango ni mzima. Kijana akafungwa miaka saba kwa kumuua mama yake kwa uzembe.

Jioni ile fundi alikwenda kwa mganga wa majini, mama mnene asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza, akamnusa mkono, akausukuma mbali.

"Huyu simtoi mimi, baba," alisema polepole. "Hataki moshi wala maji ya dawa. Ana mtoto gerezani. Kaseme kilichotokea."

Fundi aliifikiria gereji yake na miaka thelathini ya jina zuri, akaona afadhali apambane na chuma. Asubuhi aliufungua mlango hadi mwisho, akaufunga kwa waya kwenye nguzo ya gereji, akaingiza mkono wa kushoto kukitoa kitasa chenyewe, na hapo waya ukaanza kulia kama uzi unaovutwa, na harufu ya dawa ikamkaba koo, na mlango ukaja taratibu, bila haraka, huku yeye akivuta mkono nao hautoki, kana kwamba umeshikwa na vidole vya mtu mzee, vikavu, vyenye nguvu, mpaka chuma kikafika kwenye kidole chake cha mwisho, kikakiuma jino la kwanza, kikangoja, na katika kungoja huko sauti ikamwambia sikioni, kwa upole wa mama anayembembeleza mtoto:

"Mwanangu aliwaambia taa haikuwaka."

Zzz. Tk.

Mlango ukafunguka, ukarudi tena, ukachukua na kidole cha pili. Mkono wa kulia haukuguswa, naye akaelewa umebakizwa kwa kazi gani.

Mkono ukiwa umefungwa bendeji, aliandika kila kitu kituoni: nyaya, karatasi, na maneno ya tajiri kama yalivyosemwa. Askari akamwambia arudi gereji, wao watamfuata tajiri kwake mchana.

Lakini tajiri aliwatangulia, akaja mwenyewe kuchukua gari. Mota ilikuwa bado mezani. Mlango wa nyuma wa kushoto ukamfungukia polepole.

"Kumbe umeuweza!" alisema akicheka, akainama kuingia, akishika ukingo kwa mkono wa kulia, kichwa kikiwa bado nje.

Fundi alifumbua mdomo. Harufu ya dawa ya kuchua ikapita mbele ya uso wake, ikamwacha, ikaelekea kwenye gari.

Akaufumba. Hawakumwita Kimya bure.

Zzz.