Kiganja cha Dada Kimya

Asubuhi hiyo ilianza kama asubuhi nyingine yoyote. Fundi Vioo alikunywa chai, akalalamika kwamba sukari ni ndogo. Mkewe akamjibu kuwa utamu umemwishia yeye mwenyewe. Wakacheka, naye akavuka ua kuingia karakana yake. Kati ya nyumba yao na yangu kuna ukuta mmoja tu, na ukuta wenyewe mwembamba, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota njiani.

Karakanani alifanya kazi na dada yake mkubwa, mjane asiyesikia tangu homa ya utotoni. Mtaa mzima tulimwita Dada Kimya. Usidhani alikuwa mzigo. Kioo kipya kikiletwa, Fundi alikisimamisha na kukigonga pembeni kwa kifundo cha kidole, na dada akakiwekea kiganja katikati. Kama kilikuwa na ufa wa ndani, ule usioonekana kwa macho, kiganja kiliujua. Dada akitikisa kichwa, kioo kinarudi kwa muuzaji, hakuna mjadala. Hakuwahi kukosea.

Siku hiyo Fundi alishika kikatio chake, akasita. Kitu kilikuwa kinatetemeka. Mkono ulikuwa umetulia kabisa, ila ndani ya kifua kulikuwa na mngurumo mdogo, kama friji kuukuu inapowaka. Alidhani ni ardhi. Akaitazama bilauri ya maji mezani.

Maji yalikuwa tuli.

Ikapita wiki, ukapita mwezi. Mtetemo ulishuka mapajani, ukapanda shingoni, ukakaa nyuma ya meno. Alimwomba mkewe amshike. Mkewe akamshika kifua, akamshika mgongo, akasema umetulia kama gogo, mume wangu, sema tu unataka kubembelezwa. Zahanati walimpima presha, damu na mkojo, wakamwambia ni mzima. Watu wakaanza kumwona mtegaji wa kazi. Naye akajifunza kunyamaza, maana ni kazi kubwa kuungua ndani ya nyumba ambayo wenzako hawaoni moshi.

Mchana mmoja wakawa wanapima kioo cha dirisha la duka la dawa. Fundi alikishikilia kwa mkono mmoja, akagonga kwa mwingine. Dada Kimya akaweka kiganja, na papo hapo akakunja uso. Hakukitazama kioo. Alimtazama ndugu yake. Akazunguka taratibu, akamwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega, akafumba macho.

Kisha akauinua mkono wake wa pili na kuvitetemesha vidole mbele ya uso wa mdogo wake, haraka haraka, kwa mwendo uleule hasa aliokuwa akiusikia kifuani.

Fundi alilia palepale, mtu mzima na ndevu zake.

Tangu hapo, kila alasiri dada aliketi nyuma yake kwa muda, kiganja mgongoni. Chini ya kile kiganja mtetemo ulipungua. Akikiondoa, unarudi na nguvu mpya. Mkewe akawaona hivyo mara moja, mara mbili. Siku ya tatu akaja kwenye kamba ya kuanikia nguo, akatueleza.

Neno lilizaliwa hapo kwenye kamba. Daktari hasikii kitu, mke hasikii kitu, halafu kiziwi ndiye anasikia? Na kwa nini akiondoa mkono unazidi? Anayejua kufungua ndiye aliyefunga. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alitangulia kulisema? Ulimi wake naulisha mimi kila siku, kwa kinywa hikihiki, na niishie hapo.

Neno likavuka ua. Fundi alilikataa juma zima. Lakini mtu aliyechoka hufika mahali akaamini chochote chenye mlango wa kutokea. Asubuhi ya Jumamosi alimwita dada yake karakanani. Hawakuwa na ishara ya uchawi baina yao, hawajawahi kuihitaji. Basi alinyoosha kidole kwenye mgongo wake mwenyewe, kisha kifuani kwa dada, kisha barabarani.

Dada alidhani ni utani. Alitabasamu. Halafu tabasamu likamtoka polepole. Hakujitetea. Alikunja nguo zake mbili tatu, akatandika kitanda chake vizuri, na alipofika mlangoni akageuka, akaonyesha mgongo wa mdogo wake, akafungua viganja vyote viwili vitupu.

Maana yake: nani atakushika?

Fundi akageukia kioo kilichokuwa mezani.

Dada alikwenda kukaa kwa binamu yao, safari ya nusu siku. Wiki ya kwanza Fundi aliteseka hadi akawa analala sakafuni. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, mtetemo ulikatika. Puu. Kama mtu amechomoa waya ukutani. Ndani yake kukawa kimya. Mkewe akapiga kigelegele: si mnaona?

Jumapili binamu akaleta habari. Dada Kimya amefariki. Alianza kutetemeka siku ya Alhamisi, mchana, mwili mzima. Hospitali hawakuona homa wala kifafa. Alikuwa akihemea puani na kujikumbatia, kama mtu aliyebeba kitu kizito ambacho hataki kidondoke. Siku tatu. Hakukitua.

Walipomaliza mazishi, mkono wa kulia wa Fundi ulianza kutetemeka nje, mbele za watu wote. Akapelekwa hospitali kubwa. Daktari, mama mmoja mpole, alimtembeza, akamwandikisha jina lake, akaona jinsi herufi zinavyosinyaa, akamwambia ni ugonjwa wa Parkinson. Akaeleza kwamba ubongo unapungukiwa na kile kinachouongoza mwili, kwamba wagonjwa wengi huhisi mtetemo wa ndani ambao wengine hawauoni, na kwamba hakuna mtu aliyemfanyia. Alidhani anampa faraja.

Fundi aliuliza jambo moja tu.

"Mtu mwingine anaweza kuusikia kwa kiganja?"

"Hapana, mzee wangu. Huo huusikia mwenyewe."

 Alirudi nyumbani na dawa zake, na ule ukimya wa ndani ambao daktari hakuweza kuueleza. Mkono unatikisika kama jani, lakini kifuani hamna kitu. Alisema afadhali ungerudi. Alisema hivyo kila siku, hadi mkewe akawa analia jikoni akijifanya anakata vitunguu.

Mkewe ndiye aliyegundua mambo ya chumba alichokuwa akilala dada. Aliingia kufagia, akakuta kitanda cha wifi yake kimesogea shubiri moja. Akakirudisha. Wiki iliyofuata kimesogea tena, upande uleule. Sakafuni palikuwa na unga wa saruji, mweupe, chini ya kila mguu. Wakaweka matofali ya kuizuia miguu. Matofali yakasukumwa.

Nikaitwa. Niliingia saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Fundi alikuwa amepiga magoti, kiganja chake kinachotetemeka kimelala juu ya godoro.

"Mwacheni," akanong'ona. "Amechoka."

Mkewe akaweka mkono wake kando ya mkono wa mumewe. Akanitazama, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Nami nikaweka wangu. Sikusikia kitu.

Kitanda kilikuwa kimefika ukutani, ukuta wa chumba cha Fundi, pale upande wa pili anapoegemezea mgongo wake. Nyuma yake kilikuwa kimeacha mistari minne kwenye saruji, iliyonyooka, yenye kina cha ukucha. Niliinama, nikatia kidole kwenye mmoja.

Ule unga ulikuwa wa moto.