Maji Kwenye Mfuko wa Moyo

Buibui alishuka taratibu kutoka darini, miguu yake sita ya chuma ikiwa myembamba kuliko unywele, akasimama juu ya kifua cha mgonjwa. Mashine hii ndiyo iliyoipatia sifa hospitali ile ya Dodoma Mpya. Kazi yake ni kupenya chini ya kidari, kuingia kwenye mfuko unaouzunguka moyo na kufyonza maji yaliyozidi. Mfuko huo una kuta mbili, na kati yake maji kidogo tu ya kulainisha. Yakijaa, moyo hubanwa, ukashindwa kufunguka kupokea damu. Mtu hufa na moyo wake mzima!

Lakini kabla ya kuchoma, Buibui huuliza.

"Daktari Tunu Mshangama, una ugomvi na mgonjwa huyu?"

Ugomvi! Tunu nusura acheke. Aliyelala pale, mishipa ya shingo imevimba, alikuwa Daktari Kalumbete. Miaka mitatu nyuma Mbelwa, mdogo wake Tunu, alilala kitanda hicho hicho kwa ugonjwa huo huo. Kalumbete, aliyekuwa amegombania mwanamke na Mbelwa, aliulizwa swali hilo, akajibu ndiyo. Buibui akajifunga, kama sheria inavyotaka. Daktari mwingine alipofika, Mbelwa alikuwa maiti. Mbele ya baraza la madaktari Kalumbete alisifiwa kwa ukweli wake. "Mashine ikishakataa," alisema, "hakuna njia nyingine."

"Sema huna," Kalumbete alihema. "Tafadhali, dada yangu."

"Ala! Leo nimekuwa dada yako?" Tunu akaigeukia mashine. "Ugomvi upo. Tena mkubwa."

Buibui akakunja miguu, akapanda darini. "Asante kwa ukweli wako, daktari. Mwenzako atafika baada ya dakika arobaini."

Kalumbete akaangua kilio. Tunu akamwacha alie, na haki ya Mungu, kilio kile kilimburudisha. Kisha akavuta droo, akatoa sindano ndefu ya mkono, ile ambayo kila daktari hufundishwa chuoni.

"Nesi, rekodi kila kitu. Na muda pia."

Akapapasa chini ya kidari, akachoma kuelekea bega la kushoto, akavuta. Maji ya manjano yakajaa bomba. Mishipa ya shingo ikanywea, pumzi ikamrudia mgonjwa.

"Dakika nne," alisema nesi.

"Umesikia?" Tunu alimwinamia sikioni. "Dakika nne tu. Na siku ile sindano ilikuwa kwenye droo hii hii. Haya, pona upesi, mshenzi wewe, ukalieleze baraza."