Kidonge cha Nusu kwa Nusu

Kabati lilikuwa wazi, kitasa chake kizima, na kopo moja halimo.

Inspekta Mwanvita alipiga magoti kwenye sakafu ya kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini, akahesabu yaliyobaki. Makopo kumi, kila moja na namba ya mgonjwa. Lililokosekana ni namba kumi na saba: vidonge ishirini na viwili vya kutibu homa ya ini aina ya C, mali ya Majaliwa, muuza mananasi wa barabara ya Mbegani. Sefu ya methadoni ilikuwa palepale, haijaguswa.

"Kazi ya mateja hii, afande," alisema Koplo Muzammil, brashi ya alama za vidole mkononi. "Nipe gari nikawazoe wote maskani. Jioni haifiki tumemaliza."

"Teja gani aiache methadoni abebe dawa ya ini?"

Koplo akarudi kwenye brashi yake. Alikuwa mchapakazi, ila kwake kila kesi ilianzia kwenye kuzoa watu.

Muuguzi Esha alikaa benchini, macho mekundu. Ufunguo wa kabati ulikuwa wake peke yake.

"Mara ya mwisho kopo umeliona lini?"

"Jana asubuhi, afande. Majaliwa kameza mbele yangu."

"Kabati ukalifunga?"

Esha akainama. "Adhuhuri nilikwenda kuswali nikaliacha wazi. Niliporudi nikalifunga bila kutazama. Mungu anisamehe."

"Na leo?"

"Leo kaja, kanywa methadoni, kasema asante. Hapa mgonjwa akishameza lazima atamke neno, nijue mdomo mtupu. Neno lao ni hilo, asante. Nikafungua nimpe na kidonge, kopo hakuna. Nikamwambia, Majaliwa, dawa yako siioni."

"Akasemaje?"

"Akasema asante, akaondoka."

Kalamu ya Mwanvita ilisimama. "Alikushukuru kwa lipi?"

Esha alikuwa hajalifikiria hilo. Asante za kila siku, asubuhi nzima, zilikwisha kumziba masikio.

"Hakuuliza? Hakupiga kelele?"

"Hata. Na nilivyomwimbia mimi! Wiki kumi na mbili, usiruke siku, utaharibu tiba."

Walimkuta Majaliwa kwenye mkokoteni wake, mananasi ya Kiwangwa yamepangwa vizuri, kisu kinakwenda mbio. Mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mikono mirefu ya shati imefungwa vifungo kwenye jua lile.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Biashara?"

"Alhamdulillah."

Mwanvita hakumtazama usoni, alitazama ubao. Pembe moja ilikuwa imefutwa ikakauka, maji ya nanasi hayajafika. Palikuwa na chembechembe za rangi ya waridi, rangi ileile ya vidonge alivyoonyeshwa kabatini.

"Hapa umekata nini?"

"Nanasi, afande."

"Nanasi la waridi? Hilo la shamba gani?"

Majaliwa akaifunika pembe ile kwa kiganja.

"Kopo liko wapi?"

"Kopo gani?"

"Lako. Mtu akiibiwa hulia. Wewe umeibiwa, umeshukuru."

Kisu kikawekwa chini. Majaliwa akapenyeza mkono kati ya mananasi, akatoa kopo lililofungwa kwa kitambaa, akampa kwa mikono miwili.

"Una haki ya kunyamaza," Mwanvita alimwonya. "Utakayosema nitayaandika."

"Andika, afande. Nimeiba mimi. Jana nilimpelekea dada Esha nanasi, maana amenitendea wema mkubwa. Nikakuta kabati wazi, mwenyewe yuko kwenye swala."

"Uibe kilicho chako?"

"Pale dirishani nameza mbele yake. Nusu ningeitoaje?"

"Nusu ya nani?"

"Ya Haidar."

Mwanvita alimjua Haidar. Amemtia mahabusu mara tatu kwa mkono wake.

"Mwaka jana nilianguka," Majaliwa aliendelea, "macho manjano, nguvu sina. Haidar akanibeba mgongoni toka maskani mpaka mlango wa kliniki. Tukapimwa wote, wote tunao ugonjwa huu wa ini. Mimi nikakubali methadoni, zamu yangu ilipofika nikapewa na vidonge. Yeye bado anajidunga, akaambiwa aache kwanza ndipo arudi. Afande, bomba la sindano lilikuwa moja! Natangulia mimi, anafuata yeye. Ugonjwa wake umetoka kwangu. Sasa nipone mimi, afe aliyenibeba?" Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Sisi maskani kila kitu nusu kwa nusu. Jana jioni kala nusu yake, leo nimekula yangu."

Mwanvita akampigia simu daktari wa kliniki, akamweleza, akaweka sauti ya juu wasikie wote.

"Nusu haimponyi mtu," alisema daktari. "Wangeendelea hivyo wangebaki nao wote wawili. Kesho arudi kwenye kidonge kizima, siku moja haijaharibu kitu. Na huyo mwenzake, nani kamwambia aache kwanza? Sharti hilo halipo. Anayejidunga anatibiwa kama mtu mwingine yeyote. Mleteni."

Majaliwa aliketi chini palepale, kati ya maganda, akalia kwa sauti.

Kule kliniki, Esha aliposikia, alishika kichwa. "Nilimwambia mimi, afande. Ndivyo tulivyofundishwa zamani, nikadhani bado. Ningemuua mtoto wa watu."

"Unashtaki?"

"Nimshtaki nani? Nafuta kesi."

Koplo Muzammil akaomba gari tena, safari hii akamlete mtu mmoja tu, kwa adabu. Mwanvita alibaki benchini. Miaka kumi na tisa ya upelelezi, na hakuwahi kumshika mwizi aliyeiba ili agawe uhai wake. Alimshukuru Mungu kwamba amefika kabla kopo halijaisha.

Haidar aliingia akiwa mkavu kama kuni. Alipomwona Inspekta akageuka mlangoni.

"Sijaja kukukamata, baba. Pita."

Akasogea dirishani taratibu, Majaliwa nyuma yake.

"Bado najidunga, dada," alisema Haidar. "Sitaki kukudanganya."

"Nimesikia. Nisamehe kwa lile neno la mwaka jana." Esha alifungua faili jipya. "Jina lako kamili?"

Haidar akatazama huku na huku. Kwenye vitabu vya kituo, Mwanvita alikumbuka kwa aibu, alikuwa amemwandika Haidar Teja, mara zote tatu.

"Haidar," alisema. Akameza mate. "Haidar Yusuf Mwinyijuma."

Esha akayaandika yote matatu.